int sio call, nasema tena

Jamani hii nishaisema mpaka sauti imekauka na leo narudia, int (amri ya prosesa za x86 inayozusha intarapti) sio call (amri ya kuita fankshoni). Ukiandika int 0x80 hujaita fankshoni, umegonga mlango wa keneli (kiini cha mfumo endeshi), na anayeamua ufunguliwe au la ni prosesa yenyewe. Inachukua ile namba, inaenda kwenye IDT (jedwali la intarapti), inasoma geti la namba hiyo, inalinganisha CPL yako (ringi uliyopo sasa) na DPL ya geti (ringi inayoruhusiwa kuligonga). Uko ringi 3 (ya programu za mtumiaji), geti limeandikwa 0 (ya keneli)? Unarudishwa na kosa namba 13. Prosesa ya 8086 haikuwa na mambo hayo, ilikuwa inaruka tu popote jedwali linapoelekeza, ulinzi umekuja na 286 mwaka 1982.

Sasa wapo wavivu. Mtu anajaza IDT kwa lupu moja, mageti yote 256 anayapa DPL 3, eti "mwalimu mbona inafanya kazi". Inafanya kazi, eeh! Mpaka siku programu ya mtumiaji iite int 14. Hiyo 14 ni ya peji folti (kosa la kugusa ukurasa wa kumbukumbu usiofikika), na peji folti ya kweli prosesa inasukuma msimbo wa kosa kwenye steki, int haisukumi. Hendla yako (msimbo unaoshughulikia intarapti) inakuja na mazoea yake, inatupa kile cha juu ikidhani ni msimbo wa kosa kumbe imetupa EIP (anwani ya kurudia), ikifika iret (amri ya kurudi kutoka intarapti) CS (rejista ya segmenti ya msimbo) inasomwa kama EIP, EFLAGS (rejista ya bendera) inasomwa kama CS, na hapo usiniulize mashine imeelekea wapi. Biti mbili tu hizo za DPL! Nimeletewa keneli zenye ugonjwa huu mara tatu, na kila mara mwenyewe anailaumu RAM.

Utasema, mbona intarapti ya kibodi inapita kwenye geti la DPL 0 na mimi niko ringi 3? Kwa sababu haikaguliwi, anayekaguliwa ni aliyeandika int. Na wewe wa syscall (amri nyingine ya kuingia keneli) nakuona, sawa ina kasi, ila haikubadilishii steki, keneli inaingia na RSP (kielekezi cha steki) ya mtumiaji hiyo hiyo na lazima ijihamishe yenyewe. int ukitoka ringi 3 inakuchukulia steki mpya kutoka TSS (muundo unaotunza anwani ya steki ya keneli) kabla haijasukuma chochote, maana ESP (kielekezi cha steki cha biti 32) ya mtumiaji inaweza kuwa takataka.

TSS nilitaka kuichora, muda umekwisha. Geti la intarapti linazima IF (bendera inayoruhusu intarapti), la trapu linaiacha, hayo mtasoma wenyewe. Ukifika kwako hesabu mageti yenye DPL 3: int3 ya dibaga, into (ya hesabu iliyofurika), na 0x80. Ukikuta la nne, uje na maelezo.