Allegheny: Mji Uliopigiwa Kura na Jirani Yake

Shikamooni wazee wangu, na ninyi ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie historia ya North Side, huku ng'ambo ya mto tunakoishi wengi wetu. Naanza kwa kulikataa jina hilo. Upande wa kaskazini wa nini? Wa Pittsburgh, mji huu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani! Hapa palikuwa na jina lake: Allegheny City, mji wenye meya wake, soko lake na kodi zake. Mwaka 1900 ulikuwa na watu karibu 130,000. Huo si mtaa, jamani.

Viwanda mnavijua, sitawachosha. Ila mkumbuke kwamba Andrew Carnegie, aliyekuja kuwa tajiri wa chuma, aliletwa hapa na wazazi wake kutoka Uskoti mwaka 1848, akiwa mtoto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubadilisha vibiringo vya uzi katika kiwanda cha pamba, kwa dola 1 na senti 20 kwa wiki. Wanaoandika wasifu wake huutaja mji wa Pittsburgh. Mtoto yule alikuwa mtoto wa Allegheny.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelisema mara nyingi na nitalisema tena. Mwaka 1906 bunge la jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kuiunganisha miji hii miwili kwa kura. Sheria ilisema kura za pande zote mbili zihesabiwe pamoja. Sikilizeni vizuri: pamoja. Pittsburgh ilikuwa na watu zaidi ya 320,000. Watu wa Allegheny wakaenda vituoni, wakakataa, karibu wawili kwa kila mmoja aliyekubali. Wakahesabiwa kapu moja na jirani, wakashindwa.

Najua kuna atakayeniambia, mwalimu, wengi wape. Nakubali, wengi wape. Lakini wengi wa wapi? Mkiwa nyumba mbili, ya kwanza ina watu kumi na ya pili wanne, halafu ile ya kumi iseme tupige kura kama ukuta wa katikati uvunjwe, hapo wengi ni nani? Ukishakubali kapu liwe moja, umeshajibu swali kabla kura haijapigwa. Ukuta umevunjwa siku ya kuandika sheria!

Wala wasiwaambie kwamba wale watu waliogopa maendeleo. Walikuwa na hoja ya mfukoni: wamejigharamia huduma za mji wao, sasa watatozwa kodi kugharamia mipango na madeni ya Pittsburgh. Wakaipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Novemba 1907 majaji wakasema mji ni kiumbe cha jimbo. Jimbo likitaka kuupanua, kuupunguza au kuuunganisha na mwingine, laweza, wakazi wakitaka wasitake. Desemba Allegheny City ikafutika. Uamuzi ule bado unanukuliwa mahakamani kila miji inapogombana na majimbo, ndiyo maana sichoki kuusema.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka haraka. Mitaa mingi ilibadilishwa majina, kwa sababu Pittsburgh ilikuwa na mitaa yenye majina yaleyale, na kwa kawaida anayebadilisha jina ni mgeni, siyo mwenye nyumba. Heinz, yule wa kiwanda cha sosi ya nyanya, na chupa zake tutamwacha hadi siku nyingine.

Soko siliachi. Lilikuwa katikati kabisa, Federal Street na Ohio Street zilipokutana, jengo la matofali lililosimama tangu miaka ya 1860. Mwaka 1965 likabomolewa, barabara zikakatwa, pakajengwa jengo la maduka lililokuja kufa lenyewe. Ukitaka kuona kilichobaki, tembea pembezoni. Ile bustani inayoizunguka sehemu hiyo ilikuwa malisho ya pamoja, ng'ombe wa kila mwenye kiwanja walilishwa pale tangu mji ulipopimwa miaka ya 1780. Kibao chake kinasema Allegheny Commons. Jina hilo hawajalibadilisha.