Kaunti Yetu na Kura ya Kujitenga na California

Hamjambo nyote huko nyumbani, Mombasa, Kilifi na kwengineko mnakonitazama. Leo niko nje, hapa Fontana, California, maana swali limekuwa moja kila siku: ati huko kwenu watu wanataka kujitoa Marekani?

La, si Marekani. Wanachotaka ni kujitoa California, wawe jimbo la 51. Katiba ni ileile, rais ni yuleyule, ila gavana awe wao.

Kaunti hii ya San Bernardino ina watu kama milioni 2.2, wengi wao huku mijini, ubavuni mwa Los Angeles. Kwa ukubwa wa ardhi inakaribia Rwanda na Burundi mkiziunganisha! Mwaka 2022 tajiri mmoja wa ujenzi wa nyumba, Jeff Burum, alilipeleka wazo hili mbele ya baraza la kaunti, na jina la jimbo akalitaja: Empire. Novemba hiyo tukapiga kura. Yangu ililetwa na posta, nikaikunjua juu ya meza ya jikoni, nikaisoma mara tatu. Swali lenyewe lilikuwa hivi: viongozi wetu wachunguze njia zote za kupata mgao wetu wa haki wa fedha, hata ikibidi kujitenga? Ndiyo ikashinda kwa asilimia 50 na kidogo.

Msikie uchungu wao kwanza. Bidhaa zinashuka bandari za Los Angeles na Long Beach, zinaletwa kwenye magodauni huku, ndipo zisambazwe Marekani nzima. Mtu wa Mombasa haelezwi haya mara mbili. Mzigo unapita mlangoni pako, moshi unakubakia, pesa zinakwenda mbele. Kaunti inalia kwamba fedha za jimbo haziifikii inavyostahili, na majaji ni wachache kwa watu walivyo wengi. Kilio hicho mimi nakiamini.

Lakini nilipiga La. Haliwezi kuzaliwa jimbo kutoka ndani ya jingine mpaka bunge la California kule Sacramento likubali, kisha Bunge la Marekani kule Washington nalo likubali. Na kila jimbo hupata maseneta wawili, wawe watu ni wengi au wachache. Nani atawatoa hao wawili bure? Mwaka 1859 watu wa kusini mwa California walipiga kura kujitenga, bunge la jimbo likiwa limeshakubali, gavana ametia sahihi. Karatasi zikafika Washington, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, zikalala huko hadi leo.

Hilo ndilo ninaloogopa. Hasira hii ingefaa kuwabana wabunge wetu kila msimu wa bajeti. Ikimwagwa kwenye jambo lisiloweza kuwa, watu watachoka, na mgao utabaki palepale.

Jirani yangu alipiga Ndiyo. Mama mtu mzima, kaishi hapa tangu mtaa huu ulipokuwa mashamba ya mizabibu. Aliniambia, "Mwanangu, angalau sasa wametusikia." Sikuwa na la kumjibu.

Ngojeni nigeuze kamera. Mwaliona lile lori jeupe linalokata kona? Nyuma yake lipo jingine, na jingine. Na ule ukuta wa manjano, ng'ambo ya barabara, ni shule ya watoto.