Dakika au Mili: Kuchagua Kipimo cha Pembe cha Darubini ya Bunduki

Mabibi na mabwana, swali nililoletewa ni fupi: anayenunua darubini ya bunduki achukue yenye dakika au yenye mili? Nitalijibu, ila kwanza niondoe ubishi mmoja unaokula muda wa watu bure. Wengi huamini kwamba dakika ni za wanaopima kwa inchi na yadi, na mili ni za wanaopima kwa mita. Sivyo. Vyote viwili ni vipimo vya pembe, na pembe haina inchi wala sentimita.

Duara lina digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Jumla dakika 21,600. Kugawa kwa sitini ni urithi wa Wababeli. Miliradiani, ambayo walenga shabaha huiita mili, inatokana na duara lenyewe: chukua urefu wa nusu kipenyo, ulaze juu ya mzingo, pembe inayopatikana ni radiani moja, igawe kwa elfu, umepata mili. Duara zima ni mili 6,283 na kidogo. Majeshi ya NATO hukadiria 6,400 na Wasovieti walitumia 6,000, ili hesabu za mizinga na dira ziwe rahisi. Hayo tuwaachie wenye mizinga.

Sasa, kwa nini inchi na mita zimeingia? Kwa sababu mili moja kwa umbali wa mita 100 ni sentimita 10 kamili, na dakika moja kwa yadi 100 ni inchi 1.047, ambayo watu huifupisha kuwa inchi moja. Ufupisho huo una gharama. Mtu akipandisha ulengaji wa darubini dakika 30 kwa shabaha iliyo yadi 1,000, risasi hupanda inchi 314, si 300. Inchi 14 zimepotea, na bunduki italaumiwa.

Lakini mlengaji mzuri hahitaji inchi hizo hata kidogo. Ndani ya darubini mna msalaba wenye alama, na msalaba huo ni rula ya pembe. Umepiga, umeona vumbi limetimka chini ya shabaha, unasoma kwenye alama: mili 0.8. Unazungusha kifundo, ile swichi ya mviringo ya kurekebishia darubini, mili 0.8, yaani tiki (milio ya hatua zake) nane za sehemu moja ya kumi ya mili, unapiga tena. Hukuuliza shabaha iko mita ngapi. Hukuuliza risasi imekosa kwa sentimita ngapi. Dakika nazo hufanya kazi vivyo hivyo.

Hapo ndipo lilipo sharti ambalo kwangu linazidi mengine yote: msalaba na vifundo viwe vya kipimo kimoja. Kwa miaka mingi zimeuzwa darubini zenye msalaba wa mili na vifundo vya dakika, na bado zipo sokoni. Ukiona risasi imeshuka mili 1.5, inabidi uzidishe kwa 3.44 upate dakika 5.16, kisha uhesabu robo zake, maana kila tiki ni robo dakika: tiki 21. Hesabu hiyo mezani ni nyepesi. Jaribu ukiwa umelala kifudifudi na upepo unageuka.

Kuna wanaopenda dakika kwa sababu tiki zake ni ndogo zaidi. Ni kweli: kwa mita 500, robo dakika husogeza risasi sentimita 3.6, na sehemu ya kumi ya mili sentimita 5. Ila risasi za bunduki inayozitawanya ndani ya pembe ya dakika moja tayari zinatapakaa zaidi ya sentimita 14 kwa umbali huo. Anayepiga karatasi akiwa amekaa mezani, kwa umbali asioubadilisha, ataonja faida ya tiki ndogo. Wengine hawataiona.

Mili zina urahisi mwingine kwa anayefikiri kwa mita. Kibao cha urefu wa nusu mita kikijaza mili 1.25 kwenye msalaba, zidisha urefu kwa elfu, gawa kwa 1.25: kiko mita 400. Kwa dakika, inchi zizidishwe kwa 95.5 ndipo zigawanywe kwa dakika ulizosoma, jibu lije kwa yadi. Angalieni pia kama msalaba unakua na kupungua pamoja na ukuzaji wa darubini. Usipobadilika, alama zake ni sahihi kwa kiwango kimoja tu cha ukuzaji, mara nyingi kile cha juu. Ukikipunguza nusu, nafasi ya mili moja inakuwa mili mbili.

Basi jibu langu: chagua kile wanachotumia wenzako wa uwanjani, ili anayekuangalizia risasi akisema "nusu mili kushoto" usianze kutafsiri. Kama huna wenzako, na umezoea mita, chukua mili.

Ukishainunua, usiamini maandishi ya kifundo. Chora mstari wima wa mita moja kwenye karatasi, uweke mita 100 kamili, zilizopimwa kwa tepu. Piga ukilenga ncha ya chini ya mstari, pandisha mili 10 huku ukilenga palepale, piga tena. Kundi la pili likitua sentimita 97 juu ya la kwanza, kila mili ya darubini hiyo ni 0.97, na jedwali lako la masafa, linalokuonyesha upandishe kiasi gani kwa kila umbali, lirekebishwe kwa kiasi hicho.