Shangazi, Mionzi na Madeni ya Vitumbua

ZUHURA: Haya, tupo hewani. Kassim, weka chini hicho kikombe.

KASSIM: Shikamoo, dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba. Juzi ulinipigia simu usiku kuhusu shangazi yako. Anzia hapo.

KASSIM: Shangazi anauza vitumbua, mtaa mzima unamjua. Madeni yote alikuwa anayaweka kichwani: nani kachukua vya elfu moja, nani kalipa nusu. Mwaka jana akakutwa na saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, zikaja dripu za kemo, zile dawa za kuua saratani, kisha mionzi mara 15, wiki tatu. Alipomaliza, akaanza kuchanganya. Mtu kalipa, yeye anamdai. Siku moja kasaga mchele, katia tui, hamira kasahau, akakaa mpaka adhuhuri anasubiri rojo liumuke! Akaniambia, "Baba, ile mashine imenila ubongo."

ZUHURA: Ukamjibu nini?

KASSIM: Nikamwambia ni uzee tu.

ZUHURA: Kassim! Yeye kakosea kidogo, wewe umekosea zaidi. Mionzi ya titi inalengwa kwenye titi au kifuani, wakati mwingine na tezi za kwapani na za juu ya mtulinga. Kabla ya kuanza anapigwa picha ya CT ya kuona ndani ya mwili, anachorwa alama mwilini ili kila siku alale vilevile. Kinachofika kichwani ni mionzi iliyotawanyika, kidogo mno ukilinganisha na ile ya kifuani.

KASSIM: Sasa usahaulifu unatoka wapi?

ZUHURA: Mwili ukipigwa mionzi, kinga inaamka na kumwaga kemikali kwenye damu. Moja inaitwa intalukini-6, na watafiti wamekuwa wakizihusisha kemikali za namna hiyo na uchovu. Na huo si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Unaamka nao. Mara nyingi unakolea tiba inapokaribia kwisha. Mtu aliyechoka hivyo umakini unamponyoka, na jambo ambalo akili haikulishika tangu mwanzo, utalikumbukaje? Pengine shangazi hakusahau nani kalipa. Wakati anapokea ile hela, akili haikuwepo pale.

KASSIM: Hapo umenigusa. Na kemo je?

ZUHURA: Kemo ndiyo inayolaumiwa zaidi, ila kuitenganisha na mionzi ni shughuli, maana wengi wamepitia vyote viwili. Tena kuna wanawake waliopimwa kabla ya tiba yoyote wakakutwa tayari umakini umepungua. Hofu peke yake ni mzigo. Ongeza vidonge vya kuzuia homoni, kwa wanaopewa, vinavyomezwa miaka mitano au zaidi: unaamka usiku wa manane umelowa jasho, usingizi ndio basi tena. Halafu kuna upungufu wa damu, na tezi ya shingoni inaweza kulegea kama mionzi ilipita juu ya mtulinga. Hivi viwili vinapimwa maabara na vina dawa. Ndiyo maana hilo neno lako "uzee" limeniudhi.

KASSIM: Nimekoma, dada. Lakini kuna wanaopigwa mionzi kichwani kabisa.

ZUHURA: Hao ni habari nyingine. Saratani ya titi ikisambaa mpaka kwenye ubongo, inaweza kulazimu kuupiga ubongo wote, na hapo kumbukumbu inaguswa kweli. Kuna sehemu iitwayo hipokampasi, ndiko kumbukumbu mpya zinakotengenezwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa saratani mbalimbali wenye uvimbe 1 hadi 3 kwenye ubongo. Waliolengwa uvimbe peke yake, baada ya miezi 3 karibu asilimia 64 uwezo wao wa kiakili ulikuwa umeshuka. Walioongezewa mionzi ya ubongo wote, karibu asilimia 92. Na hawakuishi zaidi ya wenzao.

KASSIM: Duh!

ZUHURA: Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine: ukiupiga ubongo wote huku ukiikwepa hipokampasi, madhara hayo yanapungua. Ila inataka mashine na wataalamu wa kuipangilia.

KASSIM: Kwa shangazi, lini nishtuke?

ZUHURA: Kichwa kuuma kusikoisha, kutapika asubuhi, degedege, upande mmoja kulegea, kuona vibaya. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Kama hakuna hayo, atembee. Najua mtu aliyechoka kumwambia atembee ni kama kumtania, lakini mazoezi ndiyo yaliyoonyesha faida zaidi kwa uchovu wa saratani. Na aandike mambo yake.

KASSIM: Kuandika kashaanza. Kachukua daftari la mjukuu wake, kalamu kaifunga kwa uzi wa nailoni. Hakupi kitumbua mpaka jina lako liingie. Jana nikalifungua, ukurasa wa kwanza, jina la juu kabisa ni langu.

ZUHURA: Shilingi ngapi?

KASSIM: Elfu nne na mia tano. Na hilo ni deni la kabla ya upasuaji, dada!