Pampu ya joto ikifa, ni kitu gani hasa kilichokufa?

Karibuni jamani, huku mbele viti bado vipo, msisimame mlangoni.

Hiki nilichoshika ni kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na kuisukuma mota ianze kuzunguka. Kikopo cha bati tu, kinaenea kwenye kiganja, na nimekuja nacho kwa sababu mkiangalia hapa juu mtaona kifuniko kimevimba kama kopo la chakula kilichoharibika ndani, wakati kapasita nzima huku juu inatakiwa iwe bapa kabisa. Hii niliitoa kwenye pampu ya joto, ile mashine ya kupasha nyumba, ya mama mmoja mtu mzima, anaishi peke yake, fundi aliyenitangulia alimwambia kompresa, ile yenye mota inayosukuma gesi kwenye bomba, imekufa na mashine yote ing'olewe, ya nje na ya ndani, na mama wa watu alikuwa ameshaanza kutafuta mkopo. Mi niliitwa kuangalia tu mara ya pili. Nimesimama pale nje nikausikia ule mlio, mmmm, sekunde tatu hivi, afu tik, kimya, baada ya dakika kadhaa tena mmmm. Mota inataka kuzunguka ila haina kitu cha kuisukuma ianze. Kwenye kopo upande wa kompresa pameandikwa mikrofaradi 45, hicho ndo kipimo cha uwezo wa kapasita, mita yangu ikasoma 11. Nikafunga mpya, kompresa ikawaka palepale. Siku ile nilikasirika sana na nikiisimulia bado nakasirika, maana hiki ni moja ya vitu vya bei ndogo kuliko vyote mle ndani na mtu alikuwa anaingizwa kwenye deni la miaka kwa ajili yake.

Kwa hiyo leo nikiulizwa "hizi pampu za joto zinadumu kweli?" nataka kwanza tuulizane ni kitu gani kinachokufa.

Kwa kifupi kwa ambao ni wageni na hii kitu: ni friji iliyogeuzwa. Friji inachota joto ndani ya kabati na kulitupa nyuma jikoni, pampu ya joto inachota joto hewani nje, hata hewa ya baridi ina joto lake, au ardhini, na kulileta ndani ya nyumba. Haitengenezi joto, inalihamisha kwa gesi inayozunguka ndani ya bomba zake, ndo maana uniti moja ya umeme inaweza kukupa uniti tatu za joto hali ya hewa ikiwa nzuri, na nje kukizidi baridi hiyo tatu inashuka. Na msidhani ni teknolojia ya juzi, jengo la halmashauri ya mji wa Zurich kule Uswisi liliwekewa pampu ya joto mwaka 1938.

Inadumu miaka mingapi? Ya kuchota joto hewani watu wengi wanasema 15, na mi naona ni sawa, zipo zinazofika 20 na zipo zinazokufa na 10, hasa zile za karibu na bahari ambako chumvi inakula koili, zile bomba zilizojikunja zinazopitisha joto. Ya kuchota ardhini inaenda 20 na zaidi kwa sababu mashine yake inakaa ndani, hainyeshewi wala haipigwi na jua, na bomba zenyewe zilizofukiwa zinahesabiwa miaka 50. Ila kuhesabu miaka peke yake kunadanganya. Mashine inayopasha nyumba wakati wa baridi na kuipoza wakati wa joto inafanya kazi mwaka mzima, huwezi kuilinganisha na boila inayolala miezi sita. Hesabu masaa iliyozunguka, na zaidi ya masaa hesabu imewaka na kuzima mara ngapi, maana pale inapowaka ndo inapoumia.

Mkichora hizi hitilafu kwenye karatasi, mwaka kwa mwaka, zinatoa umbo la karai. Mwanzoni ziko juu, afu zinashuka zinakuwa chini kwa muda mrefu, afu mwishoni zinapanda tena. Ule ukingo wa mwisho ni uzee, hauna mjadala. Ule wa kwanza ndo unaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ni mikono yetu sisi mafundi. Mashine imetoka kiwandani nzima, sisi tunaichomelea bomba bila kupitisha naitrojeni ndani ya kufukuza hewa, masizi yanajijenga ndani ya bomba, yanaenda kuziba kwenye valvu ndogo ya kupitishia gesi. Au tunaharakisha kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwenye bomba kabla ya kujaza gesi. Mita ya vakyumu inatakiwa ishuke chini ya maikroni 500 (ndo kipimo chake, ikiwa ndogo ndo hewa iliyobaki ni kidogo), afu unafunga, unasubiri, unaangalia kama inapanda, ikipanda kuna unyevu au kuna tundu. Fundi mwenye haraka anawasha pampu yake ya vakyumu dakika kumi anasema tayari, na hana hata hiyo mita. Mafuta yaliyomo kwenye kompresa za gesi za siku hizi yananyonya unyevu vibaya sana, unyevu na mafuta na joto vinazaa asidi, na asidi inakaa inakula nyaya za mota ya kompresa taratibu, mwaka wa kwanza husikii kitu, wa pili husikii, wa nne kompresa inaungua na mwenye nyumba anaambiwa "hii kampuni haifai". Si kampuni. Ilianza kufa siku ya kufungwa.

Kosa lingine ni kuweka mashine kubwa kuliko nyumba. Watu wanadhani kubwa ndo imara. Kubwa inapasha nyumba haraka, inazima, dakika chache inawaka tena, inazima, siku nzima hivyo, na nimeshasema inaumia pale inapowaka. Za inveta, zile zinazoweza kubadilisha mwendo wa mota, zinajitahidi kupunguza mwendo lakini nazo zina mwisho wake wa kushuka, chini ya hapo zinawaka na kuzima kama zingine. Akija fundi akakupimia mashine kwa kuangalia ukubwa wa sebule kwa macho tu, bila kuuliza kuta, madirisha, dari, mshukuru afu muite mwingine.

Sasa kuna hitilafu ambayo haionekani, na hii nawaomba mnisikilize vizuri. Mashine nyingi zina hita za umeme za akiba ndani, za kusaidia kukiwa na baridi kali. Pampu ikifa, hizo hita zinachukua kazi kimyakimya, nyumba ina joto kama kawaida, wewe unakunywa chai yako, kumbe kila uniti ya umeme unayolipia inarudisha uniti moja tu ya joto badala ya tatu. Unakuja kujua mwisho wa mwezi. Nimekuta nyumba imekaa msimu mzima hivyo, pampu haizunguki hata kidogo, na wenyewe wanalalamika kwamba pampu za joto zinakula umeme! Kwa hiyo mara mojamoja toka nje ukasikilize kama ile ya nje inazunguka, na kwenye themostati, kile kidude cha kupangia joto, angalia kama imeandika kwamba inatumia joto la akiba wakati nje hakuna baridi ya maana.

Na kinyume chake, ukiona asubuhi ya baridi mashine ya nje feni imesimama na mvuke mweupe unatoka kama inaungua, tulia. Inayeyusha barafu iliyojishika kwenye koili, inageuza njia kwa dakika chache inalipeleka joto nje, afu inarudi. Ni kawaida. Barafu ikibaki imeganda kama ukuta kutwa nzima, hapo ndo uite mtu.

Kuhusu gesi: gesi haiishi. Haitumiki kama mafuta ya gari, inazunguka tu humohumo. Fundi anayekuja kila mwaka kukuongezea gesi anakuuzia tundu lilelile kila mwaka. Atafute panapovuja, azibe, ndo ajaze, tena kwa mizani.

Haya, pesa. Sitataja bei, kila mtu na soko lake, tufanye hivi: mashine mpya pamoja na ufundi wote tuiite 100. Mashine yako ina miaka kumi, unaikadiria bado mitano, na matengenezo ni 20. Gawa 20 kwa 5, unalipa 4 kwa kila mwaka uliobaki. Mpya ni 100 kwa miaka 15, karibu 7 kwa mwaka. Tengeneza, usisikilize maneno. Lakini kama ina miaka 13, kompresa imeungua na matengenezo ni 45, hata ukibahatika kupata miaka mitatu ni 15 kwa mwaka, hapo mpya ndo nafuu. Hesabu ya dakika moja hii, na sijaona fundi anayemfanyia mteja kabla ya kumwambia badilisha.

Na hapo kwenye kompresa watu wanaumizwa na neno waranti. Waranti ya miaka kumi mara nyingi ni ya kifaa, si ya kazi. Kompresa unapewa bure ndiyo, ila gesi ya zamani itolewe na kuhifadhiwa, bomba zikatwe, draya mpya, kichujio cha kunyonya unyevu, ifungwe, ichomelewe, vakyumu, gesi ijazwe, hiyo yote ni yako, na kazi hiyo inaweza kuzidi thamani ya kompresa yenyewe. Afu waranti zingine ndefu zinataka mashine iandikishwe ndani ya siku chache tangu ifungwe, zikipita unabaki na ya miaka michache. Andikisha wewe mwenyewe, usimwachie aliyekufungia.

Kitu kingine kinachoua mashine nzima ni gesi kupitwa na wakati. R-22, gesi iliyokuwa kwenye mashine za zamani, ilibanwa na mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu ya kutoboa tabaka la ozoni, na kule Marekani tangu 1 Januari 2020 hairuhusiwi kutengenezwa mpya wala kuingizwa. Ikaja R-410A, presha yake ni kama mara moja na nusu ya R-22, kwa hiyo huwezi kumimina hii kwenye mashine ya ile. Sasa nayo inapunguzwa chini ya makubaliano ya Kigali ya 2016, maana kilo moja ikivuja inapasha dunia kama kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi, wakati R-32, gesi mpya zaidi, ni 675. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii, ile ya nje ikifa na gesi yake imeshapitwa, mpya ya nje haikubaliani na ya ndani hata kama ya ndani ni nzima, unanunua zote mbili. Na mtu asikudanganye ajaze R-32 au propani kwenye mashine ya zamani, hizo zinashika moto, propani hasa.

Ila msiogope kwamba kila miaka 15 mtalipa kama mara ya kwanza. Kwa wenye mfumo wa maji, yaani joto linasambazwa na maji ya moto, ile mara ya kwanza mlilipia tangi, redieta kubwa za kupasha vyumba, waya mpya kutoka kwenye mita, na kama ni ya ardhini mlilipia kuchimba. Hivyo vinabaki. Kinachobadilishwa ni mashine.

Kinachopandisha gharama ni kushtukizwa. Mashine inakufa usiku wa baridi kuliko yote kwa sababu ndo usiku inaofanya kazi kuliko yote, na usiku huo utachukua chochote fundi alichonacho kwenye gari. Ikifika mwaka wa 12, tafuta bei tatu wakati hali ya hewa imetulia, uliza spea za bodi, sakiti za umeme zinazoiongoza mashine, zitapatikana hadi lini, maana hizi za inveta bodi ikiungua na haitengenezwi tena umebaki na chuma. Weka na kinga ya umeme unaoruka.

Na tafadhali msifungue mashine wenyewe, kapasita inaweza kubaki na umeme ndani hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Hii niliitoa chaji asubuhi nikaipima mara mbili, kwa hiyo naizungusha muishike muone ilivyovimba, ianzie kwa mzee pale kona. Nani ana swali?