Kipindi cha Leo: Kandambili Iliyobaki Mlangoni

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tuliwaahidi mambo matano kuhusu kiharusi, kwa kuwa tarehe 29 Oktoba ni siku ya dunia ya ugonjwa huo, na karatasi yake ninayo hapa mezani. Lakini Jumanne ugonjwa wenyewe ulitutangulia ukafika nyumbani kwetu.

ELIBARIKI: Pole sana, dada. Uliponipigia simu ulikuwa ukitaja kandambili tu, nami sikuelewa.

MWANAIDI: Mama mdogo alitoka uani saa kumi na mbili asubuhi akaingia ndani na kandambili moja. Ya kushoto ilikuwa imemchopoka ikabaki kizingitini, wala hakujua. Nilipomwambia kwamba ameacha kiatu, aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nikampa chai, ikamtoka pembeni mwa mdomo na kulowesha kanga, na hapo ndipo jirani aliposema, "Huyu amepigwa na upepo."

ELIBARIKI: Na hospitali mlifika saa ngapi?

MWANAIDI: Saa saba mchana. Kwanza alichuliwa kwa mafuta ya mnyonyo, kisha akasomewa dua, kisha tukamsubiri mjomba aje na gari kutoka Mbagala. Daktari alianza kwa kuuliza mara ya mwisho tulimwona mzima saa ngapi. Nilipomjibu, aliiandika ile saa akanyamaza. Pale inapopatikana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwetu sisi mlango huo ulifungwa saa nne na nusu asubuhi, tukiwa bado barazani tunamsubiri mjomba.

ELIBARIKI: Ndiyo maana nyumbani kwangu nimeshawafundisha watoto vile vipimo vitatu: mtu atabasamu tuone kama mdomo umekwenda upande, anyanyue mikono yote miwili tuone kama mmoja unashuka, kisha aseme sentensi rahisi tusikie kama ulimi ni mzito. Sentensi yetu ni "Haraka haraka haina baraka."

MWANAIDI: Kaka Elibariki! Unampima mgonjwa wa kiharusi kwa methali inayowaambia ndugu zake wasiharakishe?

ELIBARIKI: Inajulikana na kila mtu, na ulimi mzito hujikwaa mapema kwenye zile herufi za "r".

MWANAIDI: Na asipojikwaa, familia nzima itaona kwamba mzee ametoa wosia, waketi wanywe kahawa.

ELIBARIKI: Basi tuseme "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

MWANAIDI: Atapelekwa kwa daktari wa tumbo.

ELIBARIKI: "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako"?

MWANAIDI: Hiyo ni ndefu, hata mzima atakwama. Tena ukiwa na mama mkwe kama wangu, atauliza kwanza unamsema nani. Nakuomba utuachie methali zako, maana tumeshamaliza nusu ya kipindi na karatasi sijaigusa.

ELIBARIKI: Lakini kuna jambo moja sitaliacha lipite. Huyo jirani alipotaja upepo, ungemkatiza papo hapo ukamwambia kwamba ni kiharusi.

MWANAIDI: Hapo hatuko pamoja. Mimi nasema matangazo yetu yaseme waziwazi: mtu akipigwa na upepo, mkimbizeni hospitali. Jirani yangu aliiona dalili kabla yangu. Kilichomponza ni kutojua aende nayo wapi.

ELIBARIKI: Dada, neno lina njia yake. Ukisema upepo, umeshamtaja jini, na jini hapelekwi kupigwa picha ya ubongo. Mimi ni mtu wa Hai, kule Kilimanjaro. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulihesabu waliopatwa na kiharusi kwetu na Dar es Salaam, na baada ya umri kulinganishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Watafiti walipowauliza watu chanzo chake, sisi wa kijijini tulitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo, ilhali mashetani na uchawi vilitajwa zaidi huku mjini.

MWANAIDI: Umenisaidia bila kukusudia. Ikiwa mji wenye wagonjwa wengi zaidi ndio unaozungumza habari za upepo, basi anayetaka kusikilizwa hapa mjini aanzie kwenye neno hilo. Mama mdogo ana presha tangu zamani na vidonge alikuwa akivimeza siku akijisikia vibaya tu; hilo nalo huwezi kumweleza mtu kwa neno kiharusi.

ELIBARIKI: Nitamweleza kwa neno presha. Sitamfuata jini hadi nyumbani kwake ili nimwazime jina.

MWANAIDI: Nami sitamfanyia mtihani wa Kiswahili mtu anayetaka kunisaidia kumbeba mgonjwa.

ELIBARIKI: Fundi anatuonyesha kidole kimoja. Imebaki dakika moja, na karatasi yako ina mambo matano.

MWANAIDI: Manne yatasubiri. La tatu nalisoma: msimpe mgonjwa aspirini nyumbani, kwa sababu aspirini huzuia damu kuganda, na kiharusi kingine ni mshipa uliopasuka unaovuja damu, na picha ya ubongo ndiyo inayotofautisha. Wala msimnyweshe chai kama nilivyofanya mimi, maana asiyeweza kumeza hupaliwa, kinywaji kikaingia mapafuni.

ELIBARIKI: Na mama mdogo anaendeleaje?

MWANAIDI: Jana alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, kikaanguka, akacheka. Mdomo bado unakwenda upande. Wasikilizaji, jirani akisema upepo, tafuteni gari.

ELIBARIKI: Kiharusi, dada.

MWANAIDI: Tafuteni gari, halafu mbishane njiani.