Baada ya Risasi: Kiongozi Awaambie Nini Watu Wake?

Zuhura: Assalaam aleikum na karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, na nipo na kaka yangu Kassim, ambaye leo amekuja na makaratasi utadhani anakwenda mahakamani.

Kassim: Mada yenyewe inadai makaratasi, dada. Leo siongei kwa kukisia.

Zuhura: Ni kweli. Mtu mmoja anaingia mahali penye watu, iwe shule, msikiti au tamasha, anafyatua risasi, na wanakufa ishirini, thelathini, hamsini. Baada ya hapo nchi nzima inamgeukia kiongozi. Nina kipimo changu na nakitaja mapema ili Kassim apate pa kunishikia. Alichowaambia wafiwa simpimii nacho, maana rambirambi kila mtu anajua kutoa. Nampima kwa alichowaambia waliompigia kura.

Kassim: Hapo nitakushika kweli kweli. Lakini endelea.

Zuhura: Tuanze na Australia, tarehe 28 Aprili 1996. Port Arthur ni gereza la zamani kule Tasmania, watu huenda kutalii. Siku ile waliuawa watu 35. Waziri mkuu John Howard hakuwa ametimiza hata miezi miwili ofisini. Na alikuwa mhafidhina, serikali yake inaegemea chama cha National, chama cha wakulima na watu wa mashambani. Kwa watu hao bunduki ni kifaa cha kazi. Siku 12 baadaye, tarehe 10 Mei, mawaziri wa polisi wa majimbo yote walikuwa wameshakubaliana: bunduki za nusu-otomatiki mikononi mwa raia wa kawaida, basi.

Kassim: Na kule sheria za silaha ziko chini ya majimbo. Watu wanalisahau hilo. Waziri mkuu hakuwa na uwezo wa kuamka asubuhi na kutoa amri.

Zuhura: Hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni kitisho: mkigoma, naitisha kura ya maoni nchi nzima niwanyang'anye mamlaka hayo. Nani angethubutu kwenda kwenye kura ile wakati ule? Udongo uwahi ungali maji, na yeye aliuwahi.

Kassim: Zungumzia pesa. Mimi huwa nataka kujua nani alilipa.

Zuhura: Walilipa wote. Aliongeza kidogo yale makato ya bima ya afya ya taifa, Medicare, kwa mwaka mmoja tu. Bunduki takriban 650,000 zikanunuliwa kutoka kwa wenyewe na kusagwa. Kwa hiyo mkulima hakuweza kusema ameporwa. Kisha mwezi Juni akaenda mji wa Sale, jimbo la Victoria, kuhutubia umati wa wenye bunduki waliojaa hasira. Chini ya koti alikuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi, na ilionekana wazi inavyotuna mgongoni.

Kassim: Ile fulana sikuipenda hata kidogo. Raia wamekuja kukulalamikia, wewe unawaendea umejikinga dhidi yao. Umeshawaita wauaji kabla hujafungua mdomo.

Zuhura: Ilikuwa tusi, sikatai. Lakini alifika, akasimama, akawaambia uso kwa uso kwamba bunduki zao anazichukua. Angeweza kubaki Canberra akatoa tamko.

Kassim: Sasa nikushike. Hadithi yako ni tamu kwa sababu ya ujasiri wa mtu, lakini mimi naona mfumo. Twende Marekani. Desemba 2012, shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut: watoto 20 na watu wazima 6 wa shule. Rais Obama akalia mbele ya kamera. Aprili 2013 mswada wa kupanua upekuzi wa wanunuzi wa bunduki ukafika Seneti. Ulipata kura 54 kati ya 100. Ukafa, kwa sababu zilihitajika 60. Je, Obama alikosa ujasiri?

Zuhura: Hakukosa. Lakini waliompigia kura yeye, wengi wao walikuwa upande wake tayari. Hakuwa na mtu wa kumuudhi nyumbani kwake. Waliohitaji kuambiwa walikuwa wa kambi ya pili, Warepublican, na wale hawamsikilizi mgeni.

Kassim: Basi na mimi nikupe mmoja wa kambi hiyo. Las Vegas, Oktoba 2017, mtu anapiga risasi kutoka dirisha la hoteli kwenye tamasha la muziki, watu 60 wanapoteza maisha. Alitumia kifaa kinachofanya bunduki ya nusu-otomatiki ifyatue kwa kasi inayokaribia ile ya bunduki ya kivita. Serikali ya Trump ikakipiga marufuku kifaa hicho. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaitengua marufuku. Kiongozi alitaka, wa chama kile kile unachokisema, na bado haikusaidia.

Zuhura: Nimeisoma hukumu ile, na inanipa nguvu. Mahakama haikusema kifaa hicho hakiwezi kukatazwa. Ilisema idara ya serikali haina mamlaka ya kukikataza kwa sheria iliyopo. Kwa nini ilifanywa kwa kanuni za idara, haikupelekwa Bungeni? Kwa sababu kuipeleka Bungeni maana yake ni kuwaomba wabunge wa chama chako wapige kura kwa majina yao. Alikwepa mlango huo, akaingilia dirishani, na dirisha likamfungia.

Kassim: Hapo nakuachia nusu. Nusu nyingine ni kwamba hata angepeleka, zile kura 60 angezitoa wapi?

Zuhura: Nikuonyeshe zilivyowahi kupatikana. Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022: wanafunzi 19 na walimu 2.

Kassim: Na hapo tuseme kwanza habari ya polisi, maana haisemwi vya kutosha. Walifika haraka. Kisha ilipita dakika 77 tangu muuaji aingie shuleni hadi walipoingia darasani alimokuwa. Darasani watoto walikuwa wanapiga simu za dharura kuomba waokolewe. Mwishowe walikuwa wamekusanyika maofisa karibu 400. Kesho yake gavana Greg Abbott anasimama mbele ya waandishi anawasifu kwa ushujaa, anasema ingeweza kuwa mbaya zaidi. Siku mbili baadaye anarudi, anasema alidanganywa na amekasirika.

Zuhura: Aliwavika kilemba cha ukoka kabla hajauliza. Hili kosa la viongozi wengi: wanaona siku ya kwanza lazima wamsifu mtu. Mzazi amesimama nje ya uzio, ameona kwa macho yake polisi wanamzuia yeye badala ya kuingia, halafu anafungua televisheni anasikia sifa. Jeraha la pili hilo.

Kassim: Haya, kura zako.

Zuhura: Seneta John Cornyn, wa Texas hiyo hiyo, Republican. Alikaa na Democrats wakaandika mswada. Haukuwa mkubwa: upekuzi wa ziada kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21, pesa za afya ya akili, pesa za majimbo yenye sheria za kumnyang'anya silaha mtu aliye hatari. Katikati ya mazungumzo akaenda kwenye mkutano mkuu wa chama chake Houston. Walimzomea jukwaani, yeye anaendelea kuongea, wanazidi kuzomea. Wiki moja baadaye mswada ukapita Seneti kwa kura 65 dhidi ya 33, Warepublican 15 wakiwemo, na Biden akautia saini tarehe 25 Juni. Sheria ya kwanza kubwa ya silaha kule baada ya karibu miaka 30.

Kassim: Na huyo hakuwa hata rais.

Zuhura: Ndiyo maana nasema "kiongozi" kwa upana. Wakati mwingine mwenye mic kubwa siye mwenye funguo.

Kassim: Sawa. Tuvuke bahari twende New Zealand, kwa sababu wasikilizaji wengi ndiyo wanayoikumbuka. Machi 15, 2019, Ijumaa, misikiti miwili ya Christchurch, wakafa waumini 51. Mimi nakiri, waziri mkuu Jacinda Ardern alinigusa. Ule mtandio kichwani, uso ule. Bungeni akaanza kwa salamu ya Kiislamu na kusema jina la muuaji hatalitamka. Ijumaa iliyofuata adhana ikarushwa nchi nzima, naye akasimama mbele ya umati akasoma hadithi ya Mtume, ile ya waumini kuwa kama mwili mmoja, kiungo kikiumwa mwili wote unaumwa.

Zuhura: Hata mimi nililia. Lakini nataka uangalie saa. Tarehe 21 Machi, siku sita baada ya mauaji, alitangaza kwamba bunduki za nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi zitapigwa marufuku. Sheria bado haipo, Bunge halijaipitisha. Unajua watu hufanya nini wakisikia tangazo la hivyo?

Kassim: Wanakimbilia dukani. Baada ya Sandy Hook Wamarekani walinunua bunduki kwa wingi wa kuvunja rekodi, wakiogopa marufuku ambayo haikuja.

Zuhura: Basi yeye alilifunga duka kwanza. Saa tisa alasiri siku hiyo hiyo ilianza kutumika amri ya serikali iliyoziweka bunduki hizo kwenye daraja la silaha ambazo huwezi kununua bila kibali maalumu cha polisi. Kibali ambacho hupati, kwa maneno mengine. Hakuna aliyepata nafasi ya kujilimbikizia. Tarehe 10 Aprili Bunge likapitisha sheria yenyewe, kura 119 kwa 1.

Kassim: Na hapo narudi kwenye mfumo wangu. Bunge lao lina chumba kimoja. Hakuna seneti, hakuna marekebisho ya katiba ya mwaka 1791, kama ya Marekani, yanayotaja haki ya kubeba silaha. Ardern angezaliwa Texas tungemsikia?

Zuhura: Pengine tusingemsikia. Nakubali.

Kassim: Umekubali! Hiyo irekodiwe.

Zuhura: Inarekodiwa. Lakini mimi nina lawama juu ya New Zealand ambayo watu hawaigusi kwa sababu ya ule mtandio. Tume ya kifalme ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwishoni mwa 2020. Muuaji alikuwa amepata leseni ya bunduki mwaka 2017. Wadhamini wake walikuwa nani? Rafiki aliyekuwa anacheza naye gemu za intaneti, na mzazi wa rafiki huyo. Polisi wakaona inatosha. Na vyombo vya usalama vilikuwa vimeelekeza macho mno kwa Waislamu, wakati Waislamu wenyewe walikuwa wameshaieleza serikali jinsi wanavyotishwa.

Kassim: Wanaochunguzwa ndio waliokuja kuuawa.

Zuhura: Ndiyo. Na zile bunduki zaidi ya 56,000 zilizokusanywa, huwezi kusema ni sehemu gani ya zilizokuwepo, kwa sababu wakati ule bunduki nyingi hazikuwa kwenye daftari lolote. Daftari lilianza 2023. Hilo halikuwa la kupigia picha, kwa hiyo lilichukua miaka.

Kassim: Ngoja nikuletee Norway, uone kipimo chako kinavyoyumba. Julai 22, 2011. Bomu katika majengo ya serikali Oslo, wanane wanakufa. Kisha mtu yule yule anavuka kwenda kisiwa cha Utøya, kambi ya vijana wa chama cha Labour, anaua 69. Wengi walikuwa vijana wadogo, wa chama cha waziri mkuu mwenyewe. Jens Stoltenberg akasema jibu letu ni demokrasia zaidi, uwazi zaidi na ubinadamu zaidi, ila si ujinga. Hakuna kulipiza, hakuna kufunga nchi.

Zuhura: Hotuba nzuri kuliko zote, mimi nasema. Lakini bunduki za nusu-otomatiki alizikataza?

Kassim: Marufuku ilipitishwa 2018, ikaanza kutumika 2021.

Zuhura: Miaka kumi! Na yeye alikuwa ameshaondoka zamani.

Kassim: Subiri, sijafika. Aliunda tume, ikapewa uhuru kamili, na Agosti 2012 tume ikamrudishia ripoti inayomuumiza. Chukua jambo moja tu. Kuna mtaa unaitwa Grubbegata, unapita chini ya ofisi ya waziri mkuu. Mwaka 2004 ilikuwa imeshaamuliwa ufungwe usipitishe magari. Mwaka 2011 ulikuwa bado wazi, na gari lenye bomu likaegeshwa mlangoni. Miaka saba ya barua na vikao. Tume ikaandika wazi kwamba shambulio lile la bomu lingeweza kuzuiwa, na kwamba polisi wangeweza kufika kisiwani mapema zaidi. Mkuu wa polisi akajiuzulu. Stoltenberg akasema wajibu ni wangu, akaenda Bungeni kuhojiwa.

Zuhura: Lakini hakujiuzulu.

Kassim: Hakujiuzulu. Na mimi namweka juu ya Howard. Howard alichunguza bunduki za watu wengine. Huyu alikubali ichunguzwe ofisi yake, na ripoti ikasomwa na nchi nzima, ukurasa wa mtaa wa Grubbegata ukiwemo.

Zuhura: Wajibu ni wangu, kazi ninabaki nayo. Kuna mzazi wa Utøya angekuuliza wajibu huo unauzwa wapi.

Kassim: Angeuliza, na angekuwa na haki. Ila angeuliza akiwa ameishika ripoti mkononi. Wale wa Uvalde waliambiwa uongo kwanza.

Zuhura: Hilo silipingi. Lakini kwa Stoltenberg hujanishawishi.

Kassim: Sijamaliza. Wiki ijayo nakuja na ile ripoti ya Norway, tuisome sura ya polisi, jinsi walivyokosa helikopta na boti yao ikazimika na uzito wa watu. Wasikilizaji, mwenye swali alitume kwa sauti, tutalicheza kabla hatujaanza kugombana.